Nilizima Ulinzi wa Chaneli ya Kwaya, Sauti ya Mama Esta Ikapotea

Kosa ni langu. Natanguliza neno hilo kabla sijaanza kujitetea, maana najijua. Nikipewa nafasi nitaipamba hadithi hii mpaka nionekane mimi ndiye niliyeonewa. Sikuonewa mimi. Nilionea watu.

Nimepoteza sauti ya mtu aliyekwisha kufa. Sisemi kwa mfano. Ni sauti kweli, dakika tano na kitu za mama mmoja akiimba, na sasa hazipo popote duniani. Baada ya kuipoteza nikamsukumia lawama mtu ambaye hakuwa na kosa lolote. Ndugu msomaji, hayo mawili ndiyo yananifanya nile chakula nisijue nimekula nini.

Jina langu siweki, na majina ya wenzangu nimeyabadilisha. Mpanda ni mji ambao ukipiga chafya Ilembo, mtu wa Kasokola anakupa pole.

Nina miaka ishirini na minne. Nasuka nywele katika saluni moja mjini, na naishi Ilembo na mama yangu. Chuo sijasoma. Mambo ya kompyuta na kuhariri video nimejifundisha mwenyewe kwenye simu. Naangalia video za wanaojua, narudisha nyuma, naangalia tena, mpaka bando linakata nikiwa bado sijaelewa.

Na nina ugonjwa mmoja. Sivumilii dosari. Nikisuka mtu, mstari ukipinda hata kidogo, nafumua naanza upya. Kuna mama aliwahi kunikemea watu wote wakacheka: "We binti, kichwa hiki naenda nacho sokoni, siendi nacho mbinguni! Maliza nikauze nyanya zangu!"

Wote tulicheka. Lakini ugonjwa huo ndio uliozaa haya yote.

Mimi ni mwanakwaya huko Kasokola. Wengi wetu ni watoto na wajukuu wa watu waliotoka Burundi, wakulima, na wazee wetu huimba Kirundi na Kiswahili ndani ya wimbo mmoja bila kuuliza nani kavuka wapi. Miaka kadhaa nyuma tulifungua chaneli ya video mtandaoni. Mimi ndiye niliyerekodi, niliyehariri, niliyeandika maneno ya nyimbo chini ya picha. Wakaanza kuniita Fundi. Jamani, nilivyovimba kichwa! Wasiosoma tukipata jina, tunalishika kwa mikono miwili.

Sasa, kwetu kitu cha kwaya hakifichwi. Ngoma inalala kwa yeyote, sare akikosa mmoja anavaa ya mwenzake. Basi na paswedi ya akaunti tuliifanya hivyo hivyo. Ilitangazwa mazoezini, ikaandikwa kwa chaki ubaoni, chini ya ratiba ya nyimbo za Jumapili, ili kila kiongozi wa sauti ainakili. Ilikaa pale wiki nzima! Hata waliokuja mafundisho ya ubatizo waliisoma.

Aliyeshtuka ni mwalimu wa kwaya. Nimwite Mwalimu Yeremia. Ni mtu mzima, mkulima wa mpunga, mpole, mwenye utani wa chini chini. Mdogo wake alikuwa ameibiwa akaunti, kwa hiyo moto alishauona kwa jirani.

"Fundi," aliniambia, "hiyo paswedi hata mbuzi wa hapa wanaijua. Tuweke ile ya hatua mbili."

Kama hujui, ni hivi. Ukishaandika paswedi, mtandao haukufungulii moja kwa moja. Unatuma kwanza namba sita kwenye simu fulani. Usipokuwa na hizo namba, huingii, hata kama paswedi unaijua kama jina lako. Tukaiwasha siku hiyo hiyo. Na kwa kuwa yeye ndiye kiongozi, tukaweka namba zije kwenye simu yake.

Ulinzi ulikuwa mzuri. Tabu ilianza msimu wa mpunga.

Mwalimu hukodi shamba Usevya, mbali na Mpanda. Mvua zikishika anahamia huko na mkewe, wanakaa kibandani wiki na wiki. Laini yake shambani haishiki mtandao, ila juu ya kichuguu kimoja; ya mkewe ni ya kampuni nyingine, hiyo hushika kibandani. Na mimi nilikuwa napandisha video kwenye kompyuta ya steshenari, kwa sababu mtandao wao una kasi. Kompyuta ile ni ya watu wote, hivyo kila nikiingia inaniuliza zile namba. Basi nampigia mkewe, mkewe anamwita, naye anakimbilia kichuguuni.

"Mwalimu, zimefika?"

"Subiri kwanza nipande."

"Panda haraka Mwalimu, zinaisha muda!"

"Haraka ya wapi? Kuna mjusi mkubwa kanitangulia hapa. Nadhani naye anasubiri ujumbe."

"Mwalimu jamani!"

"Haya, andika. Nne. Tisa. Hii sasa ni moja au saba? Miwani nimeacha kibandani."

Muda unaisha, tunaanza upya. Mwenye steshenari ananitazama, watu wa kutoa nakala wamepanga foleni nyuma yangu. Mimi nina hasira, kwa sababu nilikuwa nimejiwekea kwamba video ipande Jumamosi mchana, picha ya mbele ikiwa imekaa sawa, ili Jumapili watu wakitoka ibadani waikute. Hakuna aliyeniambia iwe hivyo. Niliamua mwenyewe, nikajitesa mwenyewe.

Jumamosi moja tulijaribu mara nne. Ya nne ikakubali. Nilipoingia, sikwenda kwenye video kwanza. Nilikwenda kwenye mipangilio nikaizima hatua ya pili. Mtandao ukaniuliza kama nina uhakika. Nikabonyeza ndiyo, kama mtu anayefukuza nzi. Namba ya Mwalimu ilibaki kwenye akaunti, ila haikuulizwa tena mtu akiingia.

Sikumwambia Mwalimu. Nilijiambia nitaiwasha akirudi baada ya mavuno. Na video ilipanda saa saba kamili, nikajisifu!

Sasa nikueleze kilichokuwamo ndani ya chaneli ile.

Kulikuwa na mama mmoja wa kwaya, Mama Esta. Sauti yake haikuwa ya kung'aa. Ilikuwa na mkwaruzo, kama mtu aliyetoka kulia muda si mrefu. Lakini akianza, hata watoto nje wanaacha mpira. Alikuwa na wimbo wake mwenyewe, aliutunga akiwa msichana, nusu Kirundi nusu Kiswahili. Kwa Kiswahili unasema: Bwana nimefika mlangoni, usiniulize nimetoka wapi, niulize nimechokaje. Na kila mwisho wa ubeti anamwita mtoto wake, "mwana wanje, mwana wanje," sauti akiishusha chini hivi.

Hakutaka kurekodiwa kabisa. "Sauti yangu mbovu, mtaichekesha dunia," alisema. Nilimbembeleza miezi. Siku aliyokubali tulikaa nyuma ya kanisa, akaimba mara tatu. Mara ya kwanza jogoo aliwika. Mara ya pili alikohoa. Mara ya tatu ilikuwa safi.

Ile safi nikaihariri, nikaipandisha. Zile mbili nikazifuta, kwa sababu zilikuwa na dosari. Baadaye memori kadi ilipojaa nikafuta na faili halisi ya ile nzuri. Nilijua iko mtandaoni, na mtandao haujai.

Mama Esta aliugua, na kabla ya mvua za mwaka uliofuata tukamzika. Binti yake Esta alikuwa na mimba. Alijifungua mtoto wa kike ambaye hakuonwa na bibi yake hata siku moja. Kila mchana Esta alimwekea mtoto wimbo ule kwenye simu, naye mtoto alikuwa ananyamaza, anageuza kichwa kutafuta sauti inatoka wapi. Nimeona kwa macho yangu.

Esta aliwahi kuniuliza, "Dada, nipakulie basi uwe ndani ya simu yangu, bando likiisha niwe naupata."

Nikamjibu, tena kwa kujidai, "Usijaze simu bure. Mtandaoni kitu hakipotei."

Ole wangu! Sentensi ile naisikia mpaka leo.

Kilichotuponza ni mwandiko. Naam, mwandiko! Nilichoka na herufi za kwenye simu yangu, nikaona maneno ya nyimbo yanakaa kama tangazo la mnada. Nikapata tovuti moja inayotoa herufi nzuri za bure. Ili upakue, ujisajili. Nikajisajili kwa barua pepe ya chaneli, na paswedi nikaweka ile ile ya ubaoni, kwa kuwa ndiyo iliyokuja kichwani. Nikapata herufi zangu. Zilikuwa nzuri sana.

Wiki chache baadaye mtu nisiyemjua akaingia kwenye akaunti yetu. Kama ilipitia tovuti ile au ubaoni, siwezi kuapa, lakini moyo wangu unajua. Alikuwa na paswedi. Mlango wa pili ungekuwepo, angegonga, namba zingekwenda kichuguuni Usevya, na Mwalimu angeuliza ni nani huyo. Mlango haukuwepo. Nilishaung'oa.

Asubuhi hiyo nilikuwa saluni, nimemsuka mteja nusu kichwa. Simu ikaita. Ni Mwalimu.

"Fundi, habari za huko?"

"Salama, Mwalimu. Shikamoo."

"Marahaba. Nimepanda hapa kumpigia mdogo wangu, nimekuta ujumbe wa Kiingereza. Nikiusoma kwa kubahatisha unasema namba yangu imeondolewa kwenye akaunti. Ni nyie?"

 Nilielewa pale pale. Na unajua nilimjibu nini?

"Achana nao, Mwalimu. Ni matangazo tu hayo."

"Ahaa. Haya, Mungu akubariki, Fundi. Mpunga umekubali mwaka huu."

Nikacheka naye, nikakata simu. Yule mteja akaniuliza mbona nimepauka. Nikamwambia sijanywa chai.

Nilijaribu kuingia. Nikakataliwa. Nikajaribu tena, nikakataliwa. Mchana picha ya chaneli ilikuwa imebadilika. Jioni video zetu zilianza kuondoka, moja, mbili, kama mtu anayetoa vyombo ndani ya nyumba wewe ukiwa umesimama dirishani. Mahali pake yakawekwa mazungumzo ya watu wa mbali, kwa lugha nisiyoijua, wakitangaza sarafu zao za mtandaoni. Wimbo wa Mama Esta ulibaki mpaka kesho yake. Kisha nao ukaondoka.

Sasa sikia sehemu ambayo sijawahi kujisamehe.

Nilisoma maelezo ya kurudisha akaunti, neno kwa neno. Yalisema kwamba kwa siku chache baada ya namba ya simu kubadilishwa, ile ya zamani bado inakubalika. Unaomba, wanatuma namba kwenye simu ya zamani, unaandika, akaunti inarudi mikononi mwako. Namba ya zamani ni ya Mwalimu! Nilichohitaji ni kumpigia, apande kichuguu, anisomee tarakimu. Basi.

Sikupiga.

Kwa sababu ningempigia, ningelazimika kusema, "Mwalimu, nilizima." Na yule Fundi asiyekosea angekufa pale pale.

Nikaamua nimwandikie ujumbe, mkewe atamsomea. Nikaandika, nikafuta. Nikaandika tena, nikaona sentensi ya pili haijakaa sawa, nikafuta. Siku ya tatu nilikuwa bado narekebisha koma! Naapa, chaneli inaungua, mimi nahamisha koma. Siku ya nne nikajiambia labda mwizi atachoka aondoke mwenyewe. Siku zikapita zile zilizotajwa. Nilipopata ujasiri wa kujaribu bila kumshirikisha mtu, mtandao ukaniambia namba hiyo haihusiki tena na akaunti. Baadaye chaneli yote ikafungwa kwa sababu ya uchafu wa yule mwizi. Ukiifungua sasa unakuta ukurasa mweupe.

Watu waliporudi toka mashambani, kwaya iliitisha kikao. Tulikaa kwenye mabenchi nje ya kanisa. Mwenyekiti akauliza:

"Zile namba za siri zilikuwa zinakwenda kwa nani?"

"Kwangu," alisema Mwalimu Yeremia.

"Na wewe ulimpa nani?"

"Fundi tu."

Watu wote wakanigeukia. Ningeweza kusema. Mdomo ulikuwa wazi tayari. Nikasikia sauti yangu inasema, "Mimi sijui. Labda kuna mtu alimpigia Mwalimu akajifanya mimi, naye Mwalimu akamsomea namba."

Mwalimu aliniangalia. Hakukasirika. Aliniangalia kama anavyomwangalia mtu aliyetoka nje ya sauti, akisubiri arudi mwenyewe. Sikurudi.

"Inawezekana," akasema polepole. "Uzee."

Wiki iliyofuata alirudisha daftari la nyimbo kwa katibu, akasema uongozi wapewe vijana. Watu hawakumbembeleza abaki.

Na maneno yakaanza. Dada mmoja wa sauti ya kwanza, tumwite Pendo, alikuja saluni nimsuke. Nilimsikiliza saa tatu nzima.

"Yule mzee kauza chaneli, mimi nakwambia. Umeona alivyovuna mwaka huu?"

"Mpunga umekubali kwa wengi, Pendo," nilisema.

"Ukubali kwake tu na jirani yake analia ndege wamemmalizia shamba? Wee! Kawasomea wezi zile namba kama anasoma zaburi. Tena kwa sauti ya nne!" Akaiga sauti nzito, saluni nzima ikapasuka kwa kicheko. "Mbona wewe hucheki? Au shemeji yetu huyo?"

Nikacheka. Mungu anisamehe, nikacheka. Mstari nilioushika ulipinda waziwazi na sikuufumua.

Aliyenivunja ni Esta. Alikuja saluni mchana, mtoto mgongoni. Hakuja kusuka.

"Dada, samahani kukusumbua. Ule wimbo wa mama utarudi lini? Huyu analia mchana kutwa. Nimemwekea nyimbo nyingine, anazikataa."

Nilikuwa nimeandaa maneno ya kutosha. Mafundi wanashughulikia, mtandao unasumbua, tuombe Mungu. Nikamtazama mtoto. Ana paji la uso la bibi yake.

"Haurudi," nikasema. "Esta, haurudi. Ni mimi. Nilizima ulinzi nikaficha, mwizi akaingia. Mwalimu hana kosa. Na wimbo ungeweza kurudi, nikachelewa kwa aibu yangu."

Niliyasema yote pale, mbele ya wateja, bila mpangilio, huku nalia. Dada mwenye saluni akazima redio.

Esta hakunitukana. Laiti angenitukana! Alikaza kitenge, akamtikisatikisa mtoto, akasema kwa sauti ya kawaida kabisa:

"Nilikuuliza unipakulie."

Akaondoka.

Siku hiyo hiyo alasiri nilipanda bodaboda mpaka kwa Mwalimu. Nilimkuta anatengeneza banda la kuku. Nilipiga magoti kwenye vumbi, nikamweleza toka mwanzo. Aliendelea kufunga kamba mpaka nilipomaliza.

"Nilijua," akasema.

"Ulijua, Mwalimu?"

"Binti yangu, namba nilikusomea wewe tu. Hata mzee anakumbuka alichosoma."

"Sasa mbona kwenye kikao ulinyamaza?"

"Nilikuwa nakusubiri."

Tukakaa. Kuku mmoja akawa anapitapita katikati yetu. Kisha akaniuliza kitu nilichokuwa naomba asiulize.

"Siku ile niliyokupigia. Namba yangu ilikuwa bado inaweza kusaidia?"

"Ilikuwa inaweza, Mwalimu. Siku kadhaa."

 Akaiweka kamba chini.

"Ningepanda," akasema. "Ungeniambia tu, ningepanda hata mchana wa jua, nikae huko huko mpaka ziingie."

Akaiokota kamba, akarudi kwenye banda lake. Mkewe alinipa maji ya kunywa, nikayaweka chini.

Jumapili nilisimama mbele ya kwaya nikasema yote tena. Wengine walinishika mkono. Wengine mpaka leo salamu zao ni za kuchungulia. Pendo amehamia saluni nyingine, na nasikia kule nako ana hadithi, safari hii ni yangu, na hakosei. Mwalimu amerudi kwaya, lakini anakaa nyuma na sauti ya nne. Daftari amekataa kulishika.

Tulitafuta wimbo kwenye simu za watu wote. Mmoja alikuwa na kipande cha mazoezi. Tulikisikiliza tumekusanyika. Ngoma tu. Mama Esta hasikiki.

Mwezi uliopita Esta alinijia nyumbani Ilembo, mimi na mama tunachambua mchele. Mama akaingia ndani akatuachia mkeka. Esta akakaa, akamweka mtoto mapajani, akatoa simu, akabonyeza kurekodi.

"Wewe uliuhariri. Uliusikia mara nyingi kuliko mtu yeyote. Niimbie ulivyokuwa."

"Esta, mimi sijui kuimba peke yangu. Nitauharibu."

"Imba."

Nikaimba. Kirundi changu ni cha kuokoteza, ubeti wa pili niliuchanganya na wa tatu, na pale kwenye "mwana wanje" sauti ilikatika nikashindwa kuishusha alivyoishusha Mama Esta. Mtoto alinitazama, akageuza kichwa huku na huku, akaanza kulia.

Nikanyamaza. Esta alikuwa ameinama, machozi yanadondokea kwenye kioo cha simu.

"Sivyo ulivyokuwa," akasema. "Lakini endelea."

Nikaendelea mpaka mwisho. Sauti hiyo ndiyo aliyonayo sasa kwenye simu. Ya kwangu.

Wewe unayesoma hapa, nakuomba kama ninavyomwomba ndugu wa tumbo moja. Washa uthibitishaji wa hatua mbili kwenye barua pepe yako, kwenye simu yako, kwenye kurasa za kikundi chenu, za kanisa, za msikiti, za familia. Usiseme sina cha kuibiwa. Picha za mama yako ziko wapi? Sauti za baba yako alizokutumia ziko wapi? Mwizi hazihitaji, atazifuta tu apate nafasi. Paswedi ya mahali pamoja usiipeleke kwingine, na zile namba usimsomee anayekupigia hata akikuita jina lako la nyumbani.

Na kama tatizo ni mtandao wa shambani, nimekuja kujua kwamba kuna programu inayotengeneza zile namba ndani ya simu yenyewe, bila mtandao. Kuna pia namba za akiba unaandika kwenye karatasi unaficha kabatini. Nilikuwa na bando la kutafuta herufi nzuri, la kutafuta hilo sikuwa nalo!

Ukikosea, sema siku hiyo hiyo. Sema vibaya, sema kwa kigugumizi, sema bila koma. Kuna mtu mahali fulani yuko tayari kukupandia kichuguu, na hajui kama unamhitaji.

Na siku utakapokuwa na haraka, umeandika paswedi, namba sita haziji, kidole kinawasha kwenda kuzima, nakusihi usizime. Zikichelewa, subiri.